Kufuata nyayo za Benzi, Mannheim mpaka Gaggenau

JUMANNE, MANNHEIM

Nimefika kwa dada yangu jana usiku, na leo asubuhi chai haijapoa mpwa wangu keshavaa viatu anasubiri mlangoni. Yuko likizo ya shule, ana miaka kumi na tano, anajua magari kuliko wazima wengi ninaowafahamu, na mi mwenyewe nakula kwa gereji huko Dar, Benzi ndo zimenisomeshea watoto, kwa hiyo mpango wetu ni mmoja tu, tuanzie pale gari hili lilipozaliwa tulifuate mpaka tuelewe kwa nini watu wanalipenda hivi. Kwetu jibu la haraka ni heshima, tangu enzi za uhuru mkubwa akipanda cheo na gari linabadilika linakuwa Benzi, mpaka wananchi wakawaita wale wakubwa Wabenzi. Mi naamini heshima ilikuja baadae. Kuna kitu kilitangulia na nimekuja kukitafuta.

Katikati ya Mannheim mitaa haina majina kama tulivyozoea, mji umekatwa viboksi na kila kiboksi kina herufi na namba yake, sisi tulikuwa tunatafuta T6. Pale ndo palikuwa na karakana ya Carl Benz. Sa hivi ni majengo ya kawaida, watu wanapita na mifuko ya sokoni, ila tulisimama pale muda mrefu nikimsimulia mpwa wangu. Carl alizaliwa 1844, babake alikuwa dereva wa treni akafariki mtoto bado mdogo sana, mama akamsomesha kwa taabu. Mwaka 1871 akafungua karakana hapa na mshirika wake, na mshirika akageuka mzigo, biashara ikawa inazama. Aliyemwokoa ni mchumba wake Bertha Ringer, binti wa fundi ujenzi mwenye uwezo wa Pforzheim. Bertha alimwomba babake zile pesa ambazo angepewa siku ya kuolewa azipate mapema, wakamlipa yule mshirika akaondoka zake. Yaani hata ndoa bado! Walioana 1872, pesa zilishaingia kwenye vyuma.

Na haikuwa rahisi hata baada ya hapo. Carl mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1879, injini yake ya mipigo miwili ilikuwa imemgomea, nyumbani hamna kitu, mke akamwambia baada ya kula twende karakana tukaijaribu tena. Wakaenda, ikawaka, wakakaa wanaisikiliza zaidi ya saa nzima. Mi nimewahi kukesha na injini iliyokataa kuwaka, naujua ule mlio unavyoingia moyoni inapokubali.

Patenti ya gari ilisajiliwa Januari 29, 1886, namba 37435, na Julai 3 mwaka huohuo likatembea mbele za watu hapa hapa Mannheim, kwenye Ringstrasse. Silinda moja imelala nyuma chini ya kiti, nguvu haifiki farasi mmoja, spidi kama kilomita 16 kwa saa. Mpwa akauliza, "Mjomba, kwa nini matairi matatu?" Ni kwa sababu Carl alikuwa hajapata namna ya kukatisha kona magurudumu mawili ya mbele ipasavyo, akaona bora moja linalofanya kazi sawasawa kuliko mawili yanayobahatisha, na alipopata jawabu miaka ya 1890 ndo akaja na la magurudumu manne. Huyo ndo fundi!

JUMATANO, LADENBURG

Treni ni dakika chache tu toka Mannheim. Mji mdogo, mzee, nyumba za mbao zimeinamiana, na kwenye kiwanda cha zamani ambacho Carl alikifungua na wanawe 1906 sasa kuna makumbusho yenye jina lake. Hapa alihamia baada ya kutofautiana na wenzake kwenye kampuni ya kule Mannheim na kujitoa 1903. Na tusisahau kampuni ile ilikuwa kubwa kweli, mwaka 1899 ilitengeneza magari 572, kwa wakati ule hakuna aliyeifikia.

Pembeni ya mto Neckar kuna nyumba waliyoishi na uani kuna banda la gari kama kajumba ka mnara, la mwaka 1910, wenyeji wanasema ndo gereji ya nyumbani ya zamani kuliko zote duniani. Carl alifia hapa Aprili 1929. Bertha akaishi mpaka Mei 1944, akafariki siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 95. Hebu fikiria, mwanamke huyu aliona dunia ya farasi watupu na akaona dunia ya vifaru na ndege za mabomu, zote zinaendeshwa na mtoto wa ile injini ya mkesha wa mwaka mpya.

Tumerudi mapema, kesho ndo siku yenyewe.

ALHAMISI, MANNHEIM – WIESLOCH – BRUCHSAL – PFORZHEIM

Dada katuachia gari lake. Tumetoka alfajiri makusudi, kwa sababu na yeye Bertha alitoka alfajiri.

Wengi wanaijua hii stori nusunusu, wacha niiweke vizuri. Agosti 1888, miaka miwili baada ya patenti, gari lipo lakini hakuna anayenunua. Watu wanalitazama kama mazingaombwe, farasi wanalikimbia, na Carl ni fundi wa kupindukia, kila siku anarekebisha hiki na kile, kulitoa njiani mbali hataki. Bertha pesa zake ziko mle ndani. Basi akawachukua wanawe wawili wakubwa, Eugen na Richard, huyu kumi na tano yule mdogo kidogo, wakalisukuma gari nje kimyakimya baba amelala, wakalipiga moto mbali na nyumba, wakashika njia ya kwenda kwa mama yake Pforzheim. Zaidi ya kilomita mia moja. Mpaka siku ile gari la namna hiyo lilikuwa likitoka ni kuzunguka karibu na kurudi, hakuna aliyekuwa amelisafiria.

Mpwa wangu kusikia Eugen alikuwa na umri kama wake akanyamaza kabisa, alafu akauliza nani alikuwa anaendesha. Walikuwa wanapokezana, na kwenye kilima wanashuka kusukuma.

Sa hivi njia yenyewe imewekewa alama, tangu 2008 inatambulika rasmi kama njia ya kumbukumbu ya Bertha Benz, kwenda na kurudi ni kilomita 194, unaona vibao vya kahawia kona hadi kona. Tukapita Heidelberg bila kusimama (watalii wengi mno, na sisi hatukuja kuangalia ngome) tukaenda moja kwa moja Wiesloch.

Wiesloch! Hapa ndo moyo ulinidunda. Kuna duka la dawa, limeandikwa Stadt-Apotheke, na mbele yake kuna sanamu ya ukumbusho. Gari la Bertha halikuwa na tangi, mafuta yalikaa kwenye kabureta, lita chache tu, na lilikuwa linakunywa hasa. Mafuta yenyewe ni ligroini, watu walikuwa wanainunua famasi kutolea madoa kwenye nguo. Akaingia akamwambia mwenye duka, Willi Ocker, nipe ligroini yote uliyonayo. Kwa hiyo sheli ya kwanza duniani ni duka la dawa, na bado lipo, tumeliona kwa macho yetu. Maji nayo yalikuwa yanachemka yanapotea, kila penye kisima au mto wanasimama kujaza, maana mfumo wa kupoza wa wakati ule ni kuyaacha maji yageuke mvuke yaondoke.

Njiani hamna fundi, fundi ni yeye. Bomba la mafuta likaziba, akachomoa pini ya kofia akalizibua. Waya wa moto ukachubuka, akavua mkanda wa soksi akaufunga kama insuleta. Cheni ikalegea, mhunzi wa Bruchsal akaitengeneza. Hayo matatu mimi nimeyakuta gereji kwangu maisha yangu yote, pua ya mafuta kuziba, waya kuchubuka, cheni kulegea, magonjwa ni yaleyale.

Lakini mambo mawili ndo yaliyonifanya niisafirie hii barabara badala ya kusoma tu. La kwanza ni breki. Breki zilikuwa vipande vya mbao vinavyobana gurudumu, na kwenye miteremko mbao ikawa inaliwa inaisha. Sisi tulikata kupitia Bretten tukatokea Bauschlott, kijiji kiko juu karibu na Pforzheim, na ndo hapo inaposimuliwa alimwita fundi viatu akapigilia ngozi juu ya zile mbao. Jamani, ile ndo lainingi ya breki. Pedi tunazobadilisha kila siku leo, babu yao ni ngozi ya kiatu ya Bauschlott. La pili ni vilima. Tulipokaribia Pforzheim barabara inapanda na kushuka, gari la dada lina giaboksi ya otomatiki wala halistuki, ila nilimwambia mpwa azime redio ahesabu vilima ambavyo yeye na mdogo wake wangeshuka kusukuma. Bertha alivyorudi alimwambia mumewe wazi, gari halina nguvu ya kupanda, ongeza gia ya mlimani. Na Carl akaiongeza.

Naomba tuelewane hapa, maana watu wanaisimulia kama matangazo ya biashara, na kweli ilisaidia, watu waliliona gari vijiji vyote vile, wateja wakaanza kuja. Ila kwa fundi kilichotokea ni kikubwa zaidi. Lile gari lilipelekwa barabarani na mtu ambaye akishindwa anapoteza kila kitu, likaumia, na maumivu yake yote yakarudishwa karakana yakawa vifaa. Nadhani nimeshaanza kukiona nilichokuja kukitafuta.

Wakafika jioni wamechafuka vumbi, wakampigia Carl telegramu. Siku chache baadae wakarudi kwa gari lilelile.

Pforzheim yenyewe ni mji wa dhahabu, wametengeneza vito na saa kwa karne. Ukitembea unashangaa mbona mji wa zamani hauna majengo ya zamani. Februari 23, 1945 ndege za Uingereza ziliupiga usiku mmoja, zaidi ya watu 17,000 walikufa. Tumelala hapa.

IJUMAA, CANNSTATT NA SCHORNDORF

Toka Pforzheim mpaka Stuttgart ni barabara kuu, fupi, malori matupu. Tukaingia Bad Cannstatt, ng'ambo ya mto, kwenye bustani ambayo Gottlieb Daimler alinunua nyumba 1882. Kumbuka kutoka Mannheim mpaka hapa ni kama kilomita mia tu, na Benz na Daimler walikuwa wanatengeneza kitu kinachofanana miaka ileile, na inasemekana hawakuwahi kuongea uso kwa uso.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha maua bustanini, bado kipo, unaingia unaona meza na vifaa. Yeye na Wilhelm Maybach walikuwa wanajifungia humo usiku na mchana, mtunza bustani akaingiwa na wasiwasi akaenda polisi kusema hawa wanachonga pesa bandia. Polisi wakaingia wao hawapo, wakakuta vyuma na spana tu.

Walichokuwa wanachonga ni injini ndogo, nyepesi, inayozunguka haraka. Hapo ndo tofauti yake na Benz, manake Benz alifikiria gari zima toka mwanzo mpaka mwisho, Daimler alifikiria injini ambayo utaitia popote, kwenye boti, kwenye treni, kwenye chochote. Mwaka 1885 wakaitia kwenye kitu cha mbao chenye magurudumu mawili, pikipiki kabisa, mwanawe Daimler akaiendesha mpaka Untertürkheim, na inasimuliwa kiti kilishika moto maana kilikuwa juu ya bomba la moto la kuwashia. 1886 wakaitia kwenye kigari cha farasi. Bodaboda wote wa Afrika Mashariki wana ndugu yao kwenye kile kibanda.

Maybach alikuwa yatima, kalelewa nyumba ya watoto huko Reutlingen na Daimler ndo aliyemwona pale kipaji chake. Kwa maoni yangu huyu ndo fundi mkubwa kuliko wote kwenye historia hii na anatajwa kidogo kuliko anavyostahili.

Mchana tukapanda treni ya S2 mpaka mwisho wa reli, Schorndorf, alikozaliwa Daimler 1834, mtoto wa mwoka mikate. Nyumba ni makumbusho ndogo mtaa wa Höllgasse. Kauli yake ndo kampuni inaitumia mpaka leo, kwamba iwe bora kabisa au isiwepo. Tumekula, tumerudi, mpwa kalala kwenye treni.

JUMAMOSI, STUTTGART, MAKUMBUSHO

Treni ya S1, unashuka Neckarpark, unatembea kidogo. Jengo lilifunguliwa 2006, liko kama kamba mbili zimesokotana, hamna kona kali mahali popote, ndani kuna magari kama 160. Lifti inakupeleka juu kabisa kwanza alafu unashuka kwa miguu ukizunguka, na kitu cha kwanza unachokutana nacho juu ni farasi mweupe. Na maneno yanayosemwa ni ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wa enzi zile, kwamba yeye anaamini farasi na gari ni jambo la kupita. Mpwa kapiga picha nyingi mno hapo.

Kushuka chini ndo nikamkuta Mercedes mwenyewe. Emil Jellinek, mfanyabiashara Mwaustria aliyekuwa anakaa Nice, Ufaransa, alikuwa anauza Daimler kwa matajiri wa pwani ile na anashindana mbio akitumia jina la binti yake, Mercédès, aliyezaliwa 1889. Machi 1900 kwenye mbio za kupanda mlima pale Nice, dereva wa kiwanda Wilhelm Bauer akapata ajali akafa. Gari lilikuwa refu kwenda juu, fupi, zito mbele. Wengine wangeachana na mbio kabisa. Jellinek akasema nataka gari refu kwenda mbele, pana, lililokaa chini, injini nyepesi, na nalitaka liitwe kwa jina la mwanangu, na akaagiza 36 kwa mkupuo, marka 550,000. Daimler alikuwa ameshafariki mwezi huohuo, kazi ikamwangukia Maybach. Desemba 1900 gari la kwanza likatoka, farasi 35, chesisi ya chuma kilichokandamizwa, radieta ya matundu kama sega la nyuki. Ukilitazama pale na ukatazama lile lililolitangulia unaona kabisa, lile ni mkokoteni wenye injini, hili ni gari. Machi 1901 wakaenda Nice wakawafunga wote. Jina likasajiliwa 1902. Ona sasa, ni ileile ya Bauschlott, barabara imeua mtu na karakana ikajibu kwa chesisi.

Nyota ikaja 1909. Wanawe Daimler walikumbuka baba yao aliwahi kuchora nyota juu ya picha ya nyumba kwenye kadi aliyomtumia mama yao zamani, na ncha tatu zikasemwa ni nchi kavu, maji na anga. Na Juni 1926, Ujerumani uchumi umelala, kampuni ya Benz na kampuni ya Daimler zikaungana, nyota ya huyu ikawekwa ndani ya duara la majani ya yule.

Kuna sehemu watu wanapita haraka na mi nilimsimamisha mpwa wangu. Kampuni hii ilifanya kazi na utawala wa Hitler, ilimtengenezea magari yake makubwa, ilitengeneza injini za ndege za vita, na kufika 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wake 63,610 walikuwa watu waliolazimishwa, raia waliokokotwa toka nchi nyingine, mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso. Hayo kampuni inayasema yenyewe. Mi nayapenda magari haya, nimeyapenda toka utoto, na ndo maana nasema lazima hilo lijulikane pamoja na mengine yote, huwezi kuchagua kipande. Mpwa aliniuliza kama walilipwa. Nikamwambia fidia ilikuja kuchelewa sana, mfuko wa serikali na makampuni ulianzishwa 2000, wengi walishakufa.

Baada ya vita kiwanda ni vifusi. Wakaanza tena 1946 na gari la 170 V. Alafu 1954, miaka minane tu, wanapeleka New York 300 SL, ile yenye milango inayofunguka kwenda juu. Nilikuwa nafikiri milango ile ni urembo, na wengi wanafikiri hivyo, kumbe chesisi yake ni mabomba yaliyounganishwa na yanapita juu ubavuni ili gari liwe jepesi na gumu, kwa hiyo mlango wa kawaida hauna pa kukaa. Na injini yake mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, petroli, mwaka 1954! Za milango ya juu zilitengenezwa 1,400 tu.

Nikamwonyesha pia jina la Béla Barényi, mhandisi wao. Huyu alileta wazo ambalo wakati wake lilionekana kichaa, kwamba gari salama siyo gumu kotekote. Mbele na nyuma lijikunje limeze nguvu ya ajali, katikati wanapokaa watu ndo pawe pagumu. Patenti yake ni ya 1951, ikaingia kwenye gari la kuuza 1959, na mwaka huohuo kiwandani kwao Sindelfingen wakaanza kugongesha magari ukutani kwa makusudi waone. Wateja wanaoniletea gari limegongwa wanalalamika bodi ya siku hizi laini, namjibu mtu kujikunja kwake ndo kumekuacha hai. Breki za ABS, zinazozuia tairi kujifunga, 1978 kwenye S-Class, gari lao kubwa, eabegi miaka ya mwanzo ya 80. Na 1997 wakati kigari chao cha A-Class kilipinduka kwenye jaribio la kukwepa huko Sweden wakasimamisha mauzo wakakirekebisha wakakiwekea ESP, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kama kawaida.

Sasa dizeli, hapa ndo nilikaa mpaka mpwa akachoka. Ya mwaka 1936, 260 D, gari dogo la kwanza la dizeli kutengenezwa kwa wingi, madereva teksi ndo walioipenda kwanza. Kutoka pale mpaka modeli ya W123, iliyotengenezwa 1976 mpaka 1986, karibu milioni 2.7. W123 ya dizeli ukiijua unajua kila kitu, pampu ya mafuta ya mistari, hamna kompyuta, boneti inasimama wima ukifungua, spana zako za kawaida zinafika kila mahali. Kuna dereva teksi wa Ugiriki aliyewakabidhi 240 D yake 2004 ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6, alikuwa na injini tatu anazipokezana, moja iko ndani nyingine anaziandaa. Watu wakisikia injini tatu wanacheka wakati wanatakiwa wapige hesabu. Milioni 4.6 gawa kwa umbali wa kuzunguka dunia ni mara zaidi ya mia.

Na siyo zote, niseme ukweli kama fundi. Modeli ya W124 ya miaka ya 92 mpaka 95 ina waya za injini ambazo plastiki yake inapukutika, W210 iliyofuata kutu iliila vibaya, na fundi yeyote anayezishika anajua. Kipindi kile kampuni ilikuwa inabana gharama, 1998 ikaungana na Chrysler ya Marekani wakaja kuachana 2007. Mi naona ndo miaka ambayo waliisahau ile barabara ya Pforzheim.

JUMAPILI, GAGGENAU

Leo maduka yote yamefungwa ila makumbusho ya Unimog, lori la Benzi la mashambani, yako wazi, na mpwa hakuelewa kwa nini nang'ang'ania kwenda mji mdogo kule msitu mweusi wakati tungeweza kurudi nyumbani moja kwa moja. Nikamwambia kwa sababu ya Dar es Salaam.

Agosti 10, 1907 mwanajeshi Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar na gari lililotengenezwa kiwanda cha Gaggenau, akaenda kutokea Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1, 1909. Bahari mpaka bahari, karibu miaka miwili. Barabara hamna, mafuta ilibidi yatangulizwe vituoni, na watu wetu ndo waliolivuta lile gari kwenye matope, mito na milima, mgongo kwa mgongo, na hakuna aliyeandika majina yao. Nchi ilikuwa ndo kwanza inatoka kwenye vita vya Maji Maji. Kiwanda kile kikaingia mikononi mwa Benz miaka hiyohiyo, 1910 kikawa chao kabisa, na kuanzia 1951 mpaka 2002 ndo kilitengeneza Unimog.

Unimog ilibuniwa na Albert Friedrich baada ya vita, Wajerumani wana njaa, wanahitaji mashine moja ya kulima, kubeba na kusafiria. Dizeli ya farasi 25, magurudumu yote manne yanavuta, na upana kati ya magurudumu ni mita 1.27 kwa sababu hiyo ni mistari miwili ya viazi. Yaani vipimo vya gari vimetoka shambani. Kwa mtu anayeipenda kampuni hii kwa S-Class na ngozi na mbao za dashibodi inaweza kuonekana siyo ndugu yao, kwangu mimi hii ndo Benzi halisi kuliko ile iliyokaa mbele ya hoteli.

Nje kuna uwanja wa kupanda na dereva, vilima vya mawe na ngazi ya chuma iliyosimama karibu wima. Mpwa kakaa mbele. Waliposhuka akanishika mkono ananivuta chini ya gari, "Mjomba, njoo uone ekseli, haipo katikati ya gurudumu!" Na kweli, ekseli imepandishwa juu, alafu kwenye kila gurudumu kuna gia ndogo zinazoshusha nguvu chini, ndo maana tumbo la gari liko juu vile na jiwe kubwa linapita chini bila kugusa. Yule dereva akaona tumelala chini wote wawili akaja akapiga magoti akaanza kutueleza, mi Kijerumani sina, mpwa akawa anatafsiri, tukaingia mpaka kwenye oili ya zile gia, inabadilishwa baada ya masaa mangapi, sili zake zinavuja wapi kwanza, kwenye matope mengi ufanye nini. Nilimuuliza kama ameshaiona moja ikifanya kazi masika, udongo mweusi, siku baada ya siku. Akasema hajawahi kufika huko, akaenda ofisini kwake akarudi na karatasi na kalamu, akaniomba nimchoree udongo wenyewe unavyoshika gurudumu.